Mabega yamekaza kama mbao, hii yoga ya polepole inasaidia kweli?

fundi_sare
Habari zenu wakuu. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, kuanzia Desemba mpaka Januari nakaa kwenye kiti toka saa mbili asubuhi mpaka usiku. Sasa msimu umeisha lakini mwili haujaachia, mteja akiniita nageuka mwili mzima maana shingo haigeuki, na asubuhi naamka taya linauma kwa kung'ata meno usingizini. Hospitali wamepiga picha, mifupa haina shida, wakasema misuli na mawazo, nikapewa dawa za maumivu, zikiisha narudi pale pale. Mdogo wangu kaniambia yoga ya taratibu, nikafuata video moja, yule dada anajikunja mpaka kichwa kinagusa magoti, kesho yake hata kukanyaga cherehani nilishindwa. Kuna aliyefanya ikamsaidia?

MamaWawili_Tanga
Pole sana mdogo wangu. Hiyo sio ya polepole hiyo, ya polepole ni karibu sawa na kulala tu. Tandika mkeka, chukua mito miwili, piga magoti ukalie visigino, tanua magoti, weka mito mbele yako halafu ilalie kifua chote na shavu moja. Dakika tatu mpaka tano hivi, kisha geuza shavu. Usijivute popote, kama makalio hayafiki kwenye visigino kunja khanga uchomeke hapo katikati. Mimi siku ya kwanza nimelala hivyo nikashtuka bega la kulia liko juu karibu na sikio, na hapo nimelala jamani, sijabeba kitu! Nikatoa pumzi likashuka lenyewe, machozi yakanitoka bila sababu. Ikikutokea usiogope, acha yatoke.

kocha_taratibu
Mama kaeleza vizuri. Msuli ukiuvuta kwa nguvu unajikaza ili ujilinde, ndio maana uliamka hoi. Ukiuegemeza hauna kazi ya kufanya, unaachia. Mambo ya mito na mablanketi yalienezwa sana na Iyengar, mwalimu wa yoga wa Pune kule India aliyefariki 2014, alitumia mpaka viti na kamba ili hata mgonjwa aweze. Halafu pumzi: vuta kwa puani hesabu 4, toa hesabu 6, ukitoa ndefu mapigo ya moyo yanapungua na mwili unatulia. Ukishazoea lala chali miguu ukiiegemeza ukutani dakika kama kumi, ila mwenye presha ya macho au ya damu aulize daktari kwanza. Na mkono ukianza ganzi au kukosa nguvu rudi hospitali, hiyo sio ya mkeka.

abuu_bajaji
Mimi kiuno ndio kilinitesa, nashinda kwenye bajaji. Nyumbani waliniuliza kama sio ibada ya dini nyingine, nikawaambia asili yake India na huko ina upande wa dini, mimi sitamki chochote, nalala na kupumua baada ya isha basi. Nilianza na saa nzima kila Jumapili sikuona kitu, nilipoanza dakika kumi kila usiku ndio nikaanza kulala.

fundi_sare
Asanteni sana, jana usiku nimejaribu ile ya mito, mwanangu akaja kulala pembeni yangu tukabaki hivyo hivyo kimya. Nimegundua hata ulimi nilikuwa nimeubana juu kwenye kaakaa, nilivyouachia na taya likalegea. Shingo bado lakini leo nimegeuka kidogo kushoto. Sasa mchana nikiwa kazini nifanyeje, siwezi kutandika mkeka dukani?

MamaWawili_Tanga
Kila bobini ikiisha uzi, kabla hujajaza nyingine, mikono iweke mapajani, toa pumzi ndefu mara tatu mabega yashuke. Kwa siku bobini zinaisha ngapi?

fundi_sare
Msimu wa sare hata kumi na tano dada. Naanza kesho.