Hereni za lazima kwa ng'ombe: mimi sikutia sahihi, nipeni hoja

Papa Gitare (Goma, Himbi)

Jambo kwenu wafugaji.

Mimi nakaa Goma lakini ng'ombe wangu wako Masisi, upande wa Mushaki. Si wengi. Wa maziwa ni machotara wa Brune, wale wa asili ya Ulaya, na wale wetu wa pembe ndefu. Maziwa yanageuzwa fromaji (jibini) hukohuko na kushuka mjini kwa pikipiki.

Chama chetu kiliitwa kikaoni. Alikuja kijana wa shirika fulani, sitalitaja, akatuonyesha hereni ya plastiki ya njano yenye chipu ndani. Mpango wake ni huu: kila ng'ombe avalishwe, namba iingie kwenye kompyuta pamoja na jina la mwenyewe, simu yake, na mahali zizi lilipo kwa vipimo vya setilaiti. Mwanzo ni hiari. Halafu, kwa mdomo wake mwenyewe, akasema watashawishi watunga sheria hereni iingizwe katika sheria ya ufugaji, na asiyevalisha asiuze sokoni wala asichinje. Akatoa karatasi ya kuunga mkono. Wengi walitia sahihi papo hapo, maana waliambiwa wa kwanza watapata dawa ya kupe bure. Mimi nilikataa, na tangu siku ile prezida wa chama hanipi nafasi ya kupumua kwenye simu.

Sababu yangu si ushamba. Kuna mwaka tulichanjiwa ng'ombe, vizuri kabisa, na orodha ya chanjo ikaandika kila zizi lina wangapi. Haukupita muda mrefu, mchungaji wangu akasimamishwa kwenye bariere, kizuizi cha njiani. Mwenye bunduki akatoa daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, akasoma jina langu na hesabu ya ng'ombe wangu. Hesabu ile ilikuwa na ndama wawili waliokufa baada ya chanjo. Kama angekuwa amepanda kilimani kuhesabu mwenyewe, wale ndama angewaonea wapi? Alikuwa na orodha ya chanjo. Lala salama ya mwezi ule, ile kodi ya wenye bunduki, ikakatwa kwa hesabu hiyo, na ndama wafu walilipiwa kama wazima.

Sasa nasikia Wamarekani waliletewa mpango kama huu na wakaukataa. Mwenye kujua anieleze waliukataa kwa hoja zipi. Na nikiambiwa "wewe unataka magonjwa yaenee", nijibu nini?

---

Veto wa Kadutu (Bukavu)

Papa Gitare, pole kwa hiyo ya bariere, na sitajifanya haitokei. Lakini mimi ni veterineri, lazima nitetee upande wa pili.

Desemba 2003 Marekani walimkuta ng'ombe mmoja mwenye kichaa cha ng'ombe, jimbo la Washington. Hereni ya sikioni ndiyo iliyowafikisha hadi zizi alikozaliwa, Alberta, Kanada. Bila hereni wangekuwa wanapapasa gizani. Uingereza, ambako ugonjwa huo ulilipukia, ilianza kumpa kila ng'ombe pasipoti mwaka 1996. Uruguay, nchi yenye ng'ombe wengi kuliko watu, iliifanya chipu kuwa lazima kwa sheria ya 2006, na nyama yake inauzwa Ulaya bila maswali mengi.

Huku kwetu Aprili 2025 viboko walielea kwenye mto Ishasha unaoingia ziwa Edward, ndani ya hifadhi ya Virunga, wamekufa kwa kimeta. Kimeta kikiingia kwenye ng'ombe na nyama ikashafika sokoni Kadutu, mimi nitajuaje ilitoka zizi gani? Nitauliza wauzaji, na kila mmoja atanionyesha mwenzake. Ugonjwa wa miguu na midomo ni hivyohivyo: usipojua ng'ombe amepita wapi unafunga soko la wilaya nzima, na anayeumia ni mfugaji mdogo huyohuyo.

---

Mama Fromaji (Goma, soko la Virunga)

Veto unasema vizuri, ila Uruguay hereni alinunua nani? Miye naona kila kitu kinachoitwa cha serikali mwisho wake kinakatwa kwenye kilo ya fromaji yangu. Hereni ikidondoka porini, ng'ombe haramu? Na mchungaji akimpeleka machinjioni bila hereni, yule wa pale mlangoni atamrudisha, au ataomba "ya soda"? Nyote munajua jibu.

---

Mkongo wa Iowa

Mama Fromaji, Uruguay serikali ndiyo inayogharamia hereni, mfugaji halipi. Hiyo ni tofauti kubwa na wengi wanaoitaja huwa wanairuka.

Papa Gitare, niko Iowa, nafanya kazi kwenye kiwanda cha nyama ya nguruwe, na mzee jirani yangu anafuga. Kisa hiki kwake bado hakijapoa.

Baada ya yule ng'ombe wa 2003, Japan na nchi nyingine zilifunga mlango kwa nyama ya Marekani. 2004 wizara yao ya kilimo, USDA, ikaanzisha mpango ulioitwa NAIS. Ulikuwa na sehemu tatu: kila mahali penye mifugo papewe namba, kila mnyama apewe namba ya tarakimu 15 inayoanza na 840, kisha kila mwendo wa mnyama uripotiwe ili ugonjwa ukitokea wamfuatilie ndani ya saa 48. Si ng'ombe tu. Farasi, mbuzi, kuku, wote. Rasimu ya 2005 ilisema wazi kwamba ifikapo Januari 2009 itakuwa lazima.

Wapinzani walishika mambo kadhaa, mengine ya maana na mengine ya woga mtupu. Lililo zito zaidi, kwa maoni yangu, ni hili: kampuni yenye maelfu ya kuku au nguruwe waliokua pamoja toka mwanzo hadi machinjioni ingepewa namba moja ya kundi zima. Bibi mwenye mbuzi wachache wa umri tofauti, anayeuza mmoja leo na kununua mwingine kesho, angetakiwa kumvalisha kila mmoja na kuripoti kila mmoja. Mzigo ukamwangukia mdogo, wakati faida ya kuuza nje ni ya mkubwa. Mzee wangu akifika hapo huwa anagonga meza.

La pili ni la sheria. USDA ilitegemea sheria ya afya ya wanyama iliyokuwa ndani ya sheria kubwa ya kilimo ya 2002. Wafugaji wakasema: ile inawapa uwezo wa kuzuia magonjwa, sawa, lakini bunge lilikaa lini likajadili kwamba mwenye kuku watano nyuma ya nyumba aandikishe nyumba yake? Yaani jambo la lazima kwa watu wote lilikuwa linapitia mlango wa ofisi. Halafu kulikuwa na Waamish, Wakristo wanaolima kwa farasi. Baadhi yao waliona namba ile kuwa ile alama ya mnyama ya kitabu cha Ufunuo. Usicheke, walikuwa na uzito.

Novemba 2006 serikali ikarudi nyuma ikasema ni hiari. 2009 wizara ikazunguka nchi kusikiliza, na kwenye mikutano watu hawakuwa na maneno matamu. Februari 2010 waziri Tom Vilsack akaufuta. Zilikuwa zimekwenda zaidi ya dola milioni 120, na waliojiandikisha hawakufika hata nusu: kama asilimia 36 hivi.

Ila usiende kikaoni ukasema Marekani hakuna hereni. Ipo. Kanuni ya 2013 inawagusa wanyama wanaovuka kutoka jimbo moja kwenda jingine, na tangu Novemba 2024 ng'ombe wa maziwa wote wanaovuka, pamoja na wasiohasiwa wa miezi 18 na zaidi, lazima hereni yao isomeke kwa mashine. Wafugaji bado wanaipinga. Lakini anayefuga, kuchinja na kula ndani ya jimbo lake, kanuni hiyo ya taifa haimgusi.

---

Lushois wa Kenya

Miye niko Lubumbashi, komini ya Kenya, si ile Kenya ya Nairobi. Huku ng'ombe wengi tunaokula wanatoka ranchi kubwa au wanavuka Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Mwenye ranchi anayetaka kuuzia jikoni za migodi anaombwa karatasi, anatafuta karatasi, anapandisha bei, yamekwisha. Hakuna aliyemtungia sheria. Anayetaka namba anailipia. Sasa kwa nini yule wa Mushaki anayeuza fromaji kwa mama wa sokoni avalishwe kwa nguvu kitu ambacho mnunuzi wake hajakiomba?

---

Papa Gitare

Asanteni, Mkongo hasa. Hiyo ya kupitia mlango wa ofisi nitaitumia kama ilivyo.

Veto, nakuheshimu na nakujibu kwa magonjwa, maana ndiko unakonibana. Ndama wangu wanakufa kwa nini? Ndigana kali. Wewe unajua kuliko mimi: inaletwa na kupe, yule wa kahawia, na yule kupe makao yake ni sikio. Ukimgeuza ndama sikio asubuhi unawakuta wamejipanga kwenye mkunjo wa ndani, wamevimba. Hapohapo ndipo mnataka kutoboa tundu na kuacha kidonda wakati wa mvua. Ndigana haisubiri kujua ng'ombe alizaliwa wapi. Kupe wako kwenye nyasi zilezile anazokula. Dawa ya kuogesha, chanjo ya ndigana, veterineri anayefika kilimani kabla ndama hajalala chini: hivyo ndivyo vinavyopungua. Mtu anakuja na chipu kabla ya josho! Hata josho la zamani kwetu limeota miti katikati.

Kimeta nakubali ni kitisho. Lakini kimeta tunakizuia kwa kuchanja na kwa kutochinja mzoga. Anayeuza mzoga usiku hatauvalisha hereni.

La pili ambalo hakuna aliyeligusa ni la mwenyewe. Fomu ya yule kijana ina nafasi moja tu ya jina. Katika zizi langu yuko ng'ombe wa shemeji ambaye nimeragizwa, maziwa ni yangu, ndama tunagawana kwa zamu. Yuko jike aliyetolewa kwa mahari ambayo haijaisha. Yuko bihogo mmoja, yule mwekundu, ambaye baba alimgabira rafiki yake, yaani alimpa zawadi, na uzao wake umerudi kwetu nusu. Wachungaji wanawajua wote kwa jina na kwa rangi, na wazee wanajua nani ana haki gani. Sasa andika "mwenye ng'ombe: Papa Gitare", nami nikifa kesho, watoto wangu watakuja na karatasi ya kompyuta kumwambia shemeji hana kitu. Namba hiyo itaamua mambo ambayo aliyeitunga hata hakuyauliza.

La tatu ndilo linalonikosesha usingizi. Orodha haina miguu, inabaki ofisini. Januari 2025 Goma ilibadilika mikono kwa siku chache tu, mnajua wote. Waliokuwa ofisini waliondoka, makabati yakabaki. Sisemi upande huu ni mwema na ule ni mbaya, niko Himbi na nina watoto. Nasema tu kwamba anayeandika orodha leo hawezi kuniahidi nani ataisoma mwakani. Mmarekani aliogopa serikali yake ijue ana mbuzi wangapi, na serikali yake angalau anaweza kuishitaki. Mimi nitamshitaki nani, yule mwenye daftari? Miaka ya tisini Masisi ilimalizwa ng'ombe, na wakati huo waporaji walilazimika kutembea kilima kwa kilima kuwatafuta. Na hawa wa sasa tuwapatie vipimo vya setilaiti?

Kwa hiyo nikirudi kikaoni nitasema hivi: hereni ya chama, ya hiari, kwa anayeitaka kwa ajili ya soko, hapana shida. Ikiwezekana tundu la sikio libaki lilelile la alama zetu, na chapa ya moto iendelee. Kuiweka katika sheria, kumnyima mtu soko kwa sababu hana plastiki, hapana. Na vipimo vya zizi visiandikwe popote.

---

Mama Fromaji

Hapo umenena, Papa. Na dawa ya kupe watoe bila sahihi!

---

Veto wa Kadutu

Habari ya shemeji na mahari sikuwa nimeifikiria, na kwetu Walungu iko vilevile. Tanzania nao walipitia hapa. Wana sheria ya utambuzi wa mifugo tangu 2010, lakini hereni ya ng'ombe ilipouzwa shilingi 1,750 wafugaji walipiga kelele; kampeni iliyozinduliwa Bariadi Juni 2025 ikaja na chanjo ya bei nafuu na hereni za bure. Kwa hiyo hata waliokwisha kuitunga sheria ilibidi waanze upya kwa kumbembeleza mfugaji.

Ila bado hujaniridhisha kwenye ng'ombe anayesafiri. Ng'ombe wako wa Mushaki akae Mushaki, sina neno. Akipakiwa Goma, akavuka ziwa kwa boti akashuka Bukavu, mimi nataka kujua ametoka wapi na alichanjwa lini. Utakubali namba kwa huyo mmoja tu, siku anayopakiwa, iandikwe kijiji bila jina lako?

---

Papa Gitare

Kwa huyo anayepakia botini, ndiyo. Kijiji, tarehe ya chanjo, sahihi ya veterineri, basi. Niandikie hivyo kwa maneno yako ya kidaktari nimpelekee prezida, maana mimi nikiandika atasema ni ukaidi.