Ushauri: naandika taarifa ya klabu ya wazee wastaafu wa jeshi, historia ya mzee mmoja hainikai sawa

Mpiga Chapa
Shikamooni wakubwa, wadogo mambo.
Mimi kijana niko Mbeya, huku Uyole. Tuna klabu ya wazee wastaafu wa jeshi. Mimi si mwanajeshi, marehemu baba ndiye alikuwa mwanachama, na kwa kuwa kompyuta naifahamu wazee wakanibebesha kazi ya kuandika taarifa yao ya kila mwezi. Ni karatasi moja, mbele na nyuma. Humo tunaweka wagonjwa, misiba, nani kapata mjukuu, nani kafuatilia pensheni mpaka ikaeleweka, mfuko wa kuzikana umefika wapi, na ligi ya drafti nani anaongoza (hapo ndipo penye ugomvi, kuliko hata kwenye hela). Jumamosi asubuhi naisoma kwa sauti maana wengi macho yamechoka, halafu nagawa nakala.
Toleo hili ni la Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai. Ukurasa wa nyuma tunaweka historia ya mwanachama, na zamu hii ni ya mzee fulani anayesema alipigana Vita vya Kagera, ile ya kumng'oa Idi Amin wa Uganda. Nimemhoji, nimeandika, ila kuna vitu haviendani. Wakuu, niichape alivyosema au niiache? Jumamosi inakuja mbio na usingizi sipati.

Siti ya Dirishani
Nimekaa. Nimeagiza karanga. Endeleeni.

Mama Parachichi
Mwanangu, mzee akisema alipigana, alipigana. Nyie vijana mmezoea kuhakiki kila kitu kwenye simu, hata wazazi wenu mnataka kuwahakiki. Mimi baba yangu akisema jambo, mjadala umefungwa, na sijafa.

Kamwene Sana
Mimi babu yangu wa Kalenga alikuwa akisimulia Lugalo, mwaka 1891, Mkwawa alivyowamaliza Wajerumani wa Zelewski, unasikia mpaka vumbi. Anakuonyesha na mahali aliposimama. Babu alizaliwa 1930. Watoto tulikaa kimya tukala mahindi ya kuchoma, hakuna aliyediriki kuuliza hesabu.

Redio Mbao
Haviendani vipi? Toa mfano, siyo kutuzungusha.

Mpiga Chapa
Sawa mkuu. Anasema kikosi chao kilivuka juu ya daraja la Kyaka huku wakiimba. Anasema Krismasi ya 1978 waliila Kampala. Halafu kuna mzee mwingine pale klabuni alinivuta pembeni akaniambia kipindi hicho huyu bwana alikuwa akifanya kazi TAZARA, reli ya kwenda Zambia, hapa hapa Mbeya, na walikuwa wakipanda basi moja kwenda kazini.

Mwalimu wa Zamu
Krismasi ya 1978 Kampala, na nani? Amin alivamia mwishoni mwa Oktoba. Mwalimu Nyerere akatangaza vita tarehe 2 Novemba: uwezo tunao, sababu tunazo, nia tunayo. Daraja la Kyaka Waganda walililipua siku hizo hizo za mwanzo wa Novemba, vijana wetu wakavuka kwa daraja la muda. Mutukula tuliichukua Januari 1979, Masaka Februari, Lukaya Machi, Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili. Krismasi ile askari wetu walikuwa bado upande wa kwetu wa mpaka, kwenye mahandaki na matope. Huyo mzee alikula pilau ya nani huko Kampala?

Nyundo ya Makambako
Mmenikumbusha TAZARA. Baba alikuwa reli. Mwaka huo huo wa 1979, mwezi wa kumi, makomando wa Rhodesia walilipua daraja la Chambeshi kule Zambia, njia ikakatika. Baba anasema vita ya reli hakuna anayeisherehekea. Kila Mashujaa anazima redio. Samahani, nimetoka nje ya mada, ila iliniuma.

Mjukuu wa Mgambo
Msimchinje mzee kwa sababu ya TAZARA. Waliokwenda Kagera hawakuwa wanajeshi wa kudumu peke yao. Polisi walikwenda, Magereza, JKT, na mgambo kwa maelfu waliotolewa mashambani na makazini. Pale Lukaya, Brigedi ya 201 karibu yote ilikuwa mgambo. Babu yangu alitolewa kwenye chai huko Rungwe, akaenda, akarudi, akashika tena kikapu cha chai. Pensheni hakuna. Alichorudi nacho ni kabuti, na kifungo cha tatu kilipokatika bibi akashonea cha sare ya shule ya mjomba, cheupe. Akizikwa tulibishana kama azikwe nalo au libaki.
Kwa hiyo dogo, usimuulize miezi. Miezi mtu anasahau. Muulize mafunzo alifanyia wapi, na handaki alilala na nani. Hilo halisahauliki.

Mwalimu wa Zamu
Mjukuu hapo kwenye mgambo uko sahihi, nakubali. Lakini Krismasi ya Kampala haikubali.

Pilipili Mwanjelwa
Mimi kuna kitu sikielewi. Karatasi moja, wasomaji wazee wasioona vizuri, historia ya mtu mmoja. Mtu anakosaje usingizi kwa hilo? Mleta uzi, huyo mzee ni nani kwako?

Siti ya Dirishani
Eeeh. Hapo ndipo nilipokuwa napasubiri.

Mpiga Chapa
Sikuona kama lina uhusiano na mada.
Ni baba wa mchumba wangu. Barua ya posa walishaipokea, na mshenga anarudi Jumapili kusikiliza mahari. Yaani kesho yake baada ya mimi kusoma. Mzee mwenyewe ndiye aliyeomba zamu isogezwe, akaniambia, "Mwanangu, uiandike vizuri, nataka na wajomba zake waisikie."

Kamwene Sana
Loh! Chapa, tena ongeza alimkimbiza Amin mwenyewe mpaka akaacha kiatu kimoja Entebbe. Ng'ombe wawili unapunguziwa papo hapo.

Mama Parachichi
Mimi nilijua kuna binti ndani yake. Sikiliza mwanangu, nyumba ikianza kwa uongo wa baba mkwe itaendelea kwa uongo wa mkwe. Mimi nilipoolewa, upande wa pili walisema wana shamba la ekari kumi. Nimefika, ni mteremko wa mawe na mgomba mmoja. Nimekaa nao miaka yote hii lakini lile shamba nalikumbuka kila nikikata ndizi.

Nyundo ya Makambako
Mama, si ulisema mzee akisema mjadala umefungwa?

Mama Parachichi
Huyo hakuwa baba yangu.

Mwalimu wa Zamu
Tarehe 25 Julai ni siku ya waliokufa, tusisahau. Kule Kaboya, Muleba, wamelala askari wetu wa vita hiyo. Kwa heshima yao mimi ningeuacha ukurasa huo, nikaweka majina ya wanachama waliotangulia. Mzee mwambie nafasi imejaa. Na swali dogo: hapo klabuni hakuna waliokwenda Kagera kweli? Wao wanasemaje?

Mpiga Chapa
Wapo, na wanajua. Hakuna anayesema. Huyu mzee ukitokea msiba ndiye wa kwanza kufika, na kile kigari chake cha kubebea viazi ndicho kinachobeba majeneza ya wenzao tangu hospitali mpaka nyumbani, mafuta anaweka mwenyewe. Hata baba yangu alibebwa na gari hilo. Mtu kama huyo nani atamsimamisha Jumamosi amuulize mambo ya Kyaka?
Na kuacha haiwezekani tena wakuu, nakala zimeshatoka, nimezilipia kwa kijana wa stationari hapa Mafiati. Isitoshe nimerekebisha. Krismasi nimeitoa. Daraja nimeandika tu "walivuka Mto Kagera". Kampala nimeweka Aprili. Sasa hivi inasomeka vizuri tu, haina kosa. Nani ataumia?

Mjukuu wa Mgambo
Nani ataumia? Dogo, wewe hukuja kuomba ushauri, karatasi iko mkononi tayari. Na ulichofanya ni kibaya kuliko cha mzee. Yeye alisimulia kwa namna ambayo kila aliyekuwepo angejua anatania. Wewe umemsafishia, umemwekea tarehe sahihi (umezitoa humu humu kwa Mwalimu!), sasa hata mtu aliyekuwepo atajiuliza. Babu yangu hakuandikiwa hata mstari.

Mwalimu wa Zamu
Kwa kweli. Kumbe nimefanya kazi ya uhariri bila malipo.

Mpiga Chapa
Mkuu Mjukuu, nakuheshimu, lakini wewe huna mshenga Jumapili.

Kachumbari
Wakuu, samahani niwaharibie starehe. Hii ni chai, stori ya kutunga. Angalieni, mleta uzi ana akaunti ya mwezi huu. Mwaka jana kulikuwa na uzi wa baba mkwe wa Tunduma aliyedai alichezea Taifa Stars, mtindo ule ule: kwanza "mzee fulani", baadaye "ni baba wa mchumba", mwisho "nimeshafanya". Hata hiyo "usingizi sipati" ilikuwemo. Mimi nimezaliwa Uyole, klabu ya wastaafu sijawahi kuiona. Alete picha ya hiyo karatasi.

Redio Mbao
Duh. Na mimi nilishaanza kumwonea huruma.

Siti ya Dirishani
Chai au siyo chai, imewekwa tangawizi.

Mpiga Chapa
Picha siweki, ina majina ya watu. Kuhusu klabu, hujaiona kwa sababu haina bango. Ni chumba cha nyuma cha duka la pembejeo, mlango unaingilia uani. Ndani kuna benchi mbili, picha ya Mwalimu, kalenda ya mbolea ya zamani ambayo hakuna anayeruhusiwa kuitoa, na meza yenye drafti iliyochorwa kwa rangi ya mlango. Vizibo vya soda kwa vya bia. Mzee aliyekuwa kikosi cha mizinga sikio la kulia halisikii, kwa hiyo anakaliwa kushoto, na akifungwa anasema hakusikia "kula". Jiko la mkaa liko mlangoni, mwezi huu hakuna anayekaa mbali nalo. Nikitunga, hayo nayatolea wapi?

Kachumbari
Unayatolea kwenye drafti. Kila mji una wazee wa drafti.

Pilipili Mwanjelwa
Subirini. Mzee wa mizinga wa kukaliwa kushoto namjua! Anakaa Igawilo, ananunua tumbaku dukani kwa dada. Mleta uzi, ni yule wa kofia ya sufi?

Mpiga Chapa
Mkuu naomba tuishie hapo, tutafahamiana.

Kachumbari
Pilipili na Mpiga Chapa ni mtu mmoja. Nimemaliza.

Pilipili Mwanjelwa
Mimi niko humu tangu hujui kuandika, tafadhali.

Mjukuu wa Mgambo
Hata kama katunga, mgambo hawakutungwa. Mleta uzi, ulimuuliza lile swali au hukumuuliza?

Mpiga Chapa
Nimetoka kwake sasa hivi. Nilimuuliza taratibu, kwa adabu zote: baba, handaki ulilala na nani? Akamaliza kwanza kumenya kiazi chake. Kisha akasema, "Maswali ya namna hiyo huulizwa na kijana aliyejiandaa kuongeza ng'ombe." Mama mkwe akacheka mpaka akatoka nje. Mimi sikujua kama nicheke.
Nakala nitagawa. Nimeshaamua.

Kamwene Sana
Mzee huyo vitani sijui, lakini kwenye mahari ni jenerali.

Mama Parachichi
Mwanangu, waliocheka hao wanakupenda. Oa.

Mjukuu wa Mgambo
Basi angalau usisome kwa sauti. Sema koo linauma. Gawa karatasi, waende nazo nyumbani. Si ulisema wengi macho yamechoka?

Mpiga Chapa
Na wajomba?

Mjukuu wa Mgambo
Wajomba wape mbili mbili.

Kachumbari
Picha bado.