Lord of the Flies na Blindness: nani kamchora binadamu vibaya zaidi?

msomaji_wa_usiku:
Wakuu habari za humu. Nimemaliza Blindness ya José Saramago, kabla yake nilitoka kusoma Lord of the Flies ya William Golding, sasa vitabu vyote viwili vinagombana kichwani sipati usingizi. Kwa ambao hawajasoma, cha Golding (1954) ni watoto wa kiume wa Kiingereza ndege yao inaanguka kisiwani wakati wa vita, mtu mzima hakuna hata mmoja, wanaanza vizuri tu wanachagua kiongozi wanawasha moto wa kuita meli, baadaye wanauana. Cha Saramago (1995) watu wa mji wanapofuka mmoja baada ya mwingine, upofu mweupe kama umezama kwenye maziwa, serikali inawafungia wa mwanzo kwenye jengo lililokuwa hospitali ya vichaa na wanajeshi wako getini na bunduki. Humo ndani ni balaa.

Kipi kinasema ukweli kuhusu sisi tukiachiwa bila sheria? Mi naona Golding kamaliza kazi, unyama tunazaliwa nao, kama watoto wa kwaya wameshindwa nani ataweza? Jamaa aliyeniazima Blindness anabisha mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Mambo ya mwisho wa kitabu ruksa kutaja.

bibi_vitabu:
Na mimi nabisha, jamaa yako yuko sahihi. We angalia chakula. Kisiwa cha Golding kina matunda ya kumwaga, maji yapo, nguruwe wapo, hakuna anayekufa njaa. Jack, yule mkuu wa kwaya anayegeuka kiongozi wa wawindaji, anawapata wenzake kwa hofu, lile dude la mlimani ambalo kumbe ni maiti ya mtu wa parachuti imenasa juu upepo unaivuta vuta, halafu ndo nyama inakuja kama zawadi ya kuwa upande wake. Mtoto mmoja, Simon, anapanda, anaona, anashuka kuwaambia jamani ni maiti tu, wanamuua yeye kwenye ngoma yao gizani.

Kwa Saramago chakula kinaachwa getini kwa makasha, hakitoshi, na hujui kesho kitakuja au la. Wanatokea wahuni wa wodi moja wana bastola wanakamata chakula chote, kwanza wanadai saa na pete na pesa, vikiisha wanadai wanawake. Pale unaona kabisa unyama umeingilia mlango gani, kuna serikali imefungia watu ikakaa nje ikiwaangalia. Golding anataka nikubali kwamba ni moyo tu wa binadamu wakati huyo Jack anafika siku ya kwanza tayari anaiswaga kwaya gwaride juani na majoho meusi, na akiulizwa kwa nini awe kiongozi anasema ni kiranja mkuu na anaweza kuimba noti ya C sharp!! Huyo hajazaliwa nao huo ukali bana, katoka nao shule. Golding mwenyewe alikuwa mwalimu, alikuwa anajua anaandika nini.

mwl_fizikia:
Nje ya mada kidogo. Piggy, yule mtoto wa miwani wa Golding, haoni mbali, sasa miwani ya mtu asiyeona mbali ni lenzi mbonyeo, inatawanya mwanga badala ya kuukusanya. Moto wanaoukoka kwa miwani yake usingewaka hata wangekaa mpaka Pasaka. Na bado mtu kapewa Nobel 1983 😂

bibi_vitabu:
😂😂 Mwalimu usituharibie, bila hiyo miwani Jack hana cha kuja kuiba usiku.

kapteni_nchi_kavu:
Mnabishana kwa stori za kutunga wakati jambo lenyewe lilishatokea. 1965 kule Tonga, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, vijana sita wa shule ya bweni walichukua mashua ya watu bila ruhusa wakakimbia, dhoruba ikawabeba mpaka kisiwa kitupu cha 'Ata, wakakaa zaidi ya mwaka hadi nahodha mmoja wa Australia, Peter Warner, akawaona 1966. Hawakuuana. Moto wakaulinda usizime, kazi kwa zamu wawili wawili, mmoja alivunjika mguu wakamfunga ukaunga, na wakikorofishana kila mtu anaenda upande wake mpaka apoe. Golding kwisha habari yake.

msomaji_wa_usiku:
Kapteni hiyo nzuri ila hao walikuwa marafiki, walipanga safari pamoja na wote ni vijana wakubwa. Wa Golding wengi hata hawajuani, kuna vitoto vya miaka sita vinalia usiku kwa ndoto. Halafu tusisahau Golding alikuwa jeshi la majini Vita ya Pili, alikuwepo majeshi yalipovamia Normandy, Ufaransa, 1944. Ndo maana mwishoni anayewaokoa ni ofisa wa manowari, anawashangaa kwamba watoto wa Kiingereza mmefikia huku, na meli yake nyuma inatoka kuua watu. Bibi hapo huwezi kusema anawalaumu watoto tu.

bibi_vitabu:
Hapo nakupa.

dada_wa_pwani:
Mbona wanawake mnawapita haraka hivyo? Golding hana msichana hata mmoja kisiwani. Blindness nzima imebebwa na mke wa daktari, ndo pekee anayeona, kadanganya kapofuka ili apande gari moja na mumewe. Yeye ndo anayemchoma kwa mkasi kiongozi wa wale wahuni, na mwanamke mwingine ndo anawasha wodi yao kwa kiberiti cha gesi akafia humo humo.

Ila kuna kitu hakijawahi kunikaa sawa. Mkasi alikuwa nao mapema, kautundika kwenye msumari ukutani, na macho anayo. Anasubiri mpaka wanawake wa wodi yake wamepelekwa na mmoja amekufa, ndo anaenda kuua zamu ya wodi nyingine. Kuna wanaosema aliogopa wahuni watakata chakula watu wote wafe, mi naona alikuwa bado anajiona mtu wa kawaida na mtu wa kawaida haui. Sijui nimsamehe au vipi, nimesoma mara mbili na mara zote nimemkasirikia.

mgeni_hapa:
Samahani sijasoma chochote kati ya hivyo, nianze na kipi? Nasikia Blindness ina muvi.

dada_wa_pwani:
Ipo, ya 2008, Julianne Moore ndo mke wa daktari. Ila anza na Golding ni kifupi. Saramago anaandika sentensi ukurasa mzima, hana alama za kunukuu, watu wanaongea wamechanganyika kwenye mkato tu na hakuna mwenye jina, kurasa za mwanzo utataka kukitupa, vumilia mpaka wafungiwe ndani.