Mpasuaji wa miguu ambaye si daktari: hospitali za umma hapa Nairobi wapo?

Mwana_wa_Kayole:
Wakuu, naomba mwongozo. Mama ana sukari, na kidole cha pili cha mguu wa kulia kimejikunja. Nchani pana sugu inayopasuka na kutoa maji. Dispensari wanasafisha, wanafunga bandeji, tunarudi nyumbani, baada ya wiki mbili inafunguka tena. Hospitali ya umma tuliyopelekwa kwa rufaa wametupangia daktari wa mifupa, tarehe ni ya mbali mno. Binamu yangu aliye Leeds, Uingereza, alinyooshwa kidole kama hicho kwenye hospitali ya serikali na akalala kwake usiku huohuo. Tena anasema aliyempasua si daktari! Inawezekanaje? Na huku tunao?

Boda_Mstaafu:
Wadi za mifupa zimejaa watu wa ajali za pikipiki, ndugu yangu. Mfupa uliotokeza nje hauwezi kusubiri kidole cha mama.

Sista_Kliniki:
Mpe mama pole. Binamu hajakudanganya. Uingereza kuna watu wanaosomea miguu tangu mwanzo, hawapitii shule ya udaktari. Wanaanza na kucha, sugu na vidonda, kisha wachache wao wanarudi darasani kusomea upasuaji. Kazi yao nyingi ni ya kwenda na kurudi siku moja: ganzi mguuni, mgonjwa yuko macho. Madaktari wa mifupa wa kule wamewahi kulalamika kwamba wagonjwa wanadhani hao nao ni madaktari. Marekani ni njia nyingine, wana vyuo vyao vya miaka 4, halafu miaka 3 hospitalini.

Lakini mbona unashangaa? Hapa Kenya maafisa wa kliniki waliosomea macho wanatoa mtoto wa jicho, na wazee wanashukuru tu kwamba wanaona. Kwa miguu hatujafika huko. Kidonda ni cha muuguzi, plasta ngumu ni ya mtu wa plasta, mfupa ni wa daktari wa mifupa, mishipa ya damu ni ya mwingine kabisa, ukimpata. Hakuna ambaye mguu wote ni wake. Mimi naona pengo liko hapo, kabla hata ya kufika thieta.

Nina uzi wa nailoni wa kupimia hisia za mguu, unaopinda ukibonyezwa kwa nguvu ya gramu 10. Mgonjwa anafumba macho, nabonyeza chini ya kidole gumba mpaka uzi upinde, nauliza, "Umesikia?" Mama mmoja aliniambia, "Sista, anza basi." Nilikuwa nimeshamaliza miguu yote miwili. Mtu wa namna hiyo anatembea na kijiwe ndani ya kiatu kutwa nzima bila habari.

Hebu niambie: ukishika kidole cha mama, kinanyooka au kimekakamaa?

Mwana_wa_Kayole:
Kinanyooka, nikiachia kinarudi. Wala hasikii maumivu, ndiyo maana anasema tunamsumbua.

Sista_Kliniki:
Kutosikia maumivu ndiko kunakonitia wasiwasi. Kidole kinachonyooka, chenye kidonda nchani, mara nyingi hakihitaji upasuaji mkubwa. Anakatwa kano ya chini kwa ganzi, tundu dogo tu, kidole kinalegea na ncha haigongi chini tena. Lakini kwanza wapime damu inafika mguuni, maana jeraha la kisu kwenye mguu usio na damu halifungi. Rudini kliniki ya sukari, msingoje tarehe ya mifupa, na umwambie daktari hivyo ulivyoniambia: kinanyooka, hasikii, kimefunguka tena na tena. Barua ya rufaa iliyoandikwa "kidonda cha mguu" tu inakaa chini ya rundo.

Na kama mnamlowesha mguu kwenye beseni la maji moto na chumvi, acheni.

Boda_Mstaafu:
Sista, viatu je?

Sista_Kliniki:
Vipana mbele, soli nene. Soko la Gikomba utavipata, ila tia mkono ndani upapase misumari kabla hujalipa. Kidole kikivimba, kikinuka au wekundu ukipanda, ni idara ya dharura ya hospitali siku hiyohiyo, hata usiku.