Yule bwana wa maiki anikome, Consett siyo jalala!

Wakuu, mimi naishi Consett, mji mdogo kaskazini mashariki mwa Uingereza, na nimetoka kwenye shughuli Newcastle sasa hivi, hata viatu sijavua, natetemeka. Mtu mwenyewe mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule ambaye hata kwenye arobaini ya marehemu lazima ashike maiki.

Leo mbele ya wakwe, mimi nimebeba sinia la pilau niliyopika mwenyewe tangu alfajiri, anapaza sauti: "Wapisheni wa Consett wapite, wanaishi kwenye jalala la chuma, hata treni hawaijui!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hadi kichanga kwenye kigari kilicheka, nimekiona kwa macho yangu.

Jalala? Mji uliofua chuma miaka 140? Kiwanda kilifungwa Septemba 1980, watu karibu 3,700 wakakosa kazi kwa mkupuo, na bado mji upo. Nahudumia wazee Leadgate, kijiji cha jirani, wengine walifanya kazi mle. Kuna mmoja ana kovu la cheche kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Nikimpaka losheni ananisimulia vumbi jekundu lilivyotua kwenye mapaa, kwenye madirisha, mashuka yaliyoanikwa yakafuliwa upya. Yule mzee ndiye wa jalalani?

Na vijiji vyetu je? Shotley Bridge walikuwa wanafua panga za vita tangu mwishoni mwa karne ya 17, mafundi wametoka Solingen, Ujerumani. Ebchester kuna ngome ya Warumi. Yeye anapanga chumba juu ya duka la chipsi Gateshead, anatucheka sisi!

Halafu treni HATUKUIKATAA. Ya abiria iliondolewa 1955. Daraja la reli la Hownsgill lipo tangu 1858, leo wanapita watu wa baiskeli.

Angeninong'oneza ningevumilia. Lakini KWENYE MAIKI! Na pilau yangu akala sahani tatu!

Kibarazani: Nilikuwepo 😂😂 Dada alivyolitua lile sinia, nilidhani kiwanda kimefunguliwa upya.

MtuWaTees: Pole, ila povu jingi. Kwenye treni jamaa kasema kweli.

Mleta uzi: Soma uzi vizuri. 1955! Na kasema kwenye maiki, mbele ya mama mkwe wangu!

Binti_Redcar: Afadhali nyie wa 1980, mmeshazoea. Sisi wa Redcar tanuru letu la chuma lilizimwa 2015, na 2022 wakalilipua tukiwa tunatazama. Mimi nililia barabarani. Nani kanifungulia uzi?

Corby_Mjomba: Njooni Corby muone mateso. Waskoti walikuja kufuata kazi za chuma, kiwanda kikaondoka, lafudhi ikabaki. Nimesoma Kiingereza tangu darasa la tatu, hapa dukani nasalimiwa naitikia "asante" tu.

Scunny254: Sisi wa Scunthorpe bunge liliitwa Jumamosi, Aprili 2025, kuokoa matanuru yetu. Jumamosi, wakuu! Heshimuni watu.

MtuWaTees: Wenye bunge lao wameshafika 😂

Mleta uzi: Jamani, tunazungumzia maiki hapa.

Kibarazani: Hivi ile pilau ilikuwa ya mbuzi?

Shemeji_NE: Ng'ombe. Chumvi ilizidi kidogo.

Mleta uzi: NANI KASEMA CHUMVI ILIZIDI? Sahani tatu alikula!

Medomsley_Juu: Achaneni na chumvi. Basi la jioni la kutoka Newcastle leo limetupita kituoni, mvua inanyesha, dereva anatupungia mkono.

Mama_Stanley: Nyie mnapungiwa? Wetu hata kugeuka hageuki.

Medomsley_Juu: Na nauli wamepandisha tena?

Corby_Mjomba: Nauli mngeziona za huku.