Jiko la kambi ya Barafu: nini kinaiva, maji lita ngapi, gesi mitungi mingapi?

Kiroba_na_Kamba (mtoa mada)

Wakuu, salaam. Swali ni kwa wapishi na waongozaji wa Kilimanjaro, hasa mnaopiga njia ya Machame ya siku saba. Wageni ni wanne, timu watu kumi na sita ukihesabu waongozaji, wagumu (wapagazi) na mpishi. Kambi ni zile zile: Machame, Shira, Barranco, Karanga, Barafu, kisha kushukia Mweka. Mpishi ni fundi kweli kweli, ila ni fundi wa hotelini Moshi. Mlimani hajawahi kupika.

Nataka nimpange kabla hatujafika kwenye mizani ya getini inayopima mizigo. Chakula gani kisipande kabisa kwa sababu hakiivi juu? Barafu hakuna maji, sasa tubebe lita ngapi kutoka Karanga, na nani abebe? Na gesi: mitungi mingapi ya kilo 6, maana kila mtu ananipa namba yake. Presha kuka ni lazima, au ni uzito wa bure?

---

Moja_Moja_Mpaka_Stella

Mwambie mpishi wako jambo moja kwanza: maji yanayotokota Barafu si yale anayoyajua Moshi. Kila ukipanda kama mita 300, kiwango cha kutokota kinashuka nyuzi moja hivi. Moshi mjini ni kama nyuzi 97. Karanga, mita 3,995, ni kama 87. Barafu, mita 4,673, ni 84 au 85. Aongeze moto mpaka mfuniko uruke, maji hayatapanda hata nusu nyuzi. Atachoma gesi na kupoteza maji kwa mvuke, vitu viwili ambavyo huko havinunuliki.

Sasa vyakula. Wanga wa mahindi unaiva kati ya nyuzi 62 na 72, ndiyo maana ugali unasongwa Barafu na unaiva bila shida; kinachogoma ni pumzi ya msongaji. Uji wa ulezi vivyo hivyo. Tambi zinaiva, ila zinachelewa na kwa nje zinakuwa teketeke, chukua nyembamba. Mchele unaiva lakini maji yanachelewa kufika kwenye kiini cha punje, kwa hiyo unapata wali laini nje na mchanga ndani. Loweka dakika 30 hadi 45 kwenye maji ya uvuguvugu, weka maji mengi kidogo kuliko ulivyozoea, na ukishakauka uache umefunikwa na blanketi robo saa kabla ya kupakua.

Viazi vina vituko vyake. Wanga wake unaiva mapema, ila kile kinachoshikanisha nyama ya kiazi kinataka joto la karibu nyuzi 90 ndipo kilegee. Matokeo yake kiazi kimeiva na bado kinakataa uma. Kata vipande vya sentimita moja, au vichemshe kambi ya Machame uje kuvipasha juu. Mayai ya kuchemsha yatoke Moshi yakiwa tayari.

Adui mkubwa ni maharage makavu, na hapa sisemei ladha. Maharage mekundu yana sumu ya asili ambayo inaharibiwa kwa kutokota nyuzi 100 angalau dakika 10. Ukiyapika kwenye nyuzi 80 na kitu, sumu hiyo haiondoki ipasavyo, na mlaji anatapika na kuhara ndani ya saa chache. Barafu usiku, kutapika huko kutasomwa kama ugonjwa wa mwinuko. Mgeni atashushwa kwa kosa la sufuria. Na wagumu ndio wanaolishwa maharage zaidi, wakiugua wao kambi haihami.

Kwa hiyo ama uyapike Moshi na kuyala siku mbili za kwanza, ama presha kuka. Dengu nyekundu zilizokobolewa ni mbadala mzuri, zinaiva hata kwenye sufuria ya kawaida ukizipa muda.

---

Dada_wa_Hema_la_Kijani

Kwetu tunatia chumvi mapema ili maji yapate joto zaidi, na tunaweka jiwe juu ya mfuniko. Hiyo haisaidii?

---

Moja_Moja_Mpaka_Stella

Dada, chumvi hapana. Ili maji yapande nyuzi moja tu unahitaji karibu gramu 58 za chumvi kwa lita, yaani vijiko vya chakula vitatu hivi. Hiyo supu hainyweki. Jiwe linasaidia kubana mvuke ili maji na gesi visipotee bure, na kuzuia upepo usibebe mfuniko. Endeleeni nalo. Lakini mfuniko wa sufuria unavuja pembeni, haujengi mgandamizo wa maana.

Presha kuka ni habari nyingine. Ile ya kawaida inaongeza mgandamizo juu ya ule wa nje, kwa hiyo hata Barafu ndani yake unapata zaidi ya nyuzi 110. Haifiki 120 kama pwani, hivyo ongeza muda: asilimia 5 kwa kila mita 300 ukishavuka mita 600. Kwa Barafu ni kama theluthi mbili zaidi. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha ambayo pwani yanataka dakika 15, yape 25. Usijaze zaidi ya nusu ukipika nafaka za maganda, povu lake linaziba tundu la mvuke. Ya lita 7 ya aluminiamu ina kilo 3 hivi. Kwa watu ishirini hizo kilo 3 zinajilipa kwa gesi peke yake.

---

Dumu_la_Karanga

Mimi nijibu la maji, maana safari nyingi zinaharibikia hapo na lawama anabebeshwa mpishi.

Maji ya mwisho ni ya kijito cha bonde la Karanga, na kambi yenyewe iko juu ya bonde, kwa hiyo kuna kushuka na kupanda kabla hata hujaanza safari ya Barafu. Kwa wanaopita njia ya Marangu ni hivyo hivyo: ukishapita chanzo cha mwisho juu ya Horombo, kambi ya Kibo hakuna kitu.

Hesabu kwa mtu. Mgeni: lita 3 za kupanda nazo usiku, lita 2 za chai na supu ya jioni, lita 1 ya uji na chai ya saa tano usiku. Hizo 6, mara wanne, 24. Timu: lita 2 na nusu kwa kila mmoja, mara 16, ni 40. Kunawa mikono na vyombo, 8. Hapo una 72, na wengi wanasimamia hapo. Wanasahau kwamba mgeni anarudi kutoka kilele cha Uhuru saa nne au tano asubuhi koo limekauka na chupa tupu, na bado ana Mweka mbele yake. Weka lita 2 kwa kila mgeni za kurudia. Jumla lita 80.

Dumu la lita 20 likijaa ni kilo 20 za maji na kilo moja ya dumu lenyewe. Kikomo cha mzigo wa mgumu ni kilo 20. Jaza lita 18. Hapo lita 80 ni madumu matano, yaani wagumu watano ambao siku hiyo hawabebi hema wala kiroba. Siku ya tano chakula kimeshapungua, kwa hiyo mizigo mitatu hivi inaweza kuunganishwa na kuachia watu. Wawili waliobaki lazima uwapange kuanzia Moshi. Ukingoja kupanga Karanga asubuhi, utaishia kumwambia mgumu aliyekwisha fika Barafu arudi tena chini, na huo ni unyanyasaji.

Usiku madumu yaingie ndani ya hema la jiko, chini yake pawe na kiroba au godoro, si mwamba mtupu. Kabla ya kulala jaza sufuria mbili kubwa, zifunike, ziache juu ya jiko lililozimwa. Maji yakiganda ndani ya dumu huna la kufanya, dumu haliwekwi motoni. Yakiganda ndani ya sufuria unawasha jiko tu. Na chupa za chai zijazwe saa mbili usiku maji yakiwa yanatokota, ili saa tano iwe ni kupasha tu.

Chupa za wageni zigeuzwe kichwa chini ndani ya soksi nene. Maji huanza kuganda kwa juu, sasa yakianzia kuganda kwenye kitako cha chupa, mdomo unabaki wazi. Mirija ya kunywea ya begi ndiyo ya kwanza kuganda, wasiitegemee ukishapita saa saba usiku.

Kuhusu usafi: nyuzi 84 zinaua vijidudu vya kuharisha vizuri tu, acha yatokote dakika 3. Ukitumia vidonge vya klorini, maji baridi yanataka zaidi ya ile nusu saa iliyoandikwa. Vichujio vya maji vya nyuzinyuzi vikishaganda mara moja ni vya kutupa, kwa macho hutaona kasoro ila vinapitisha kila kitu.

---

Regulata_ya_Akiba

Gesi. Acha kuuliza "mitungi mingapi", uliza unachemsha lita ngapi. Kutoa lita moja kutoka nyuzi 5 hadi 85, kwenye jiko la kawaida lenye upepo kidogo, ni gramu 15 hadi 20 za gesi. Watu ishirini wakipashiwa lita 50 kwa siku, hiyo ni kilo moja, na bado hujakaanga kitunguu. Weka kilo 1.5 kwa siku. Mapishi ni kuanzia jioni ya kwanza hadi chai ya asubuhi Mweka, sawa na siku sita kamili, kwa hiyo kilo 9, yaani mitungi miwili ya kilo 6 na akiba ya kilo 3. Bila presha kuka, ongeza wa tatu.

Mtungi wa kilo 6 ukiwa umejaa unakaribia kilo 13 au 14. Uzito wa chuma kitupu umegongwa shingoni. Pima kila mtungi Moshi na utoe uzito huo, maana mtungi "mpya" uliopungukiwa kilo moja ni theluthi mbili za siku ya jiko.

Asubuhi moto ukiwa dhaifu na mtungi umeota ukungu wa barafu kwa nje, gesi haijaisha. Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propeni na buteni. Buteni inaacha kugeuka mvuke kirahisi baridi likikaribia sifuri, na kadiri mtungi unavyotumika ndivyo buteni inavyobaki nyingi. Uweke mtungi kwenye beseni lenye maji ya uvuguvugu, ya kutosha mkono kuvumilia. Usitumie maji ya moto, wala usiusogeze karibu na jiko.

Halafu hili lisomwe mara mbili. Hewa ikiwa nyepesi jiko linakosa oksijeni, mwali unakuwa wa njano, sufuria inaota masizi, na kaboni monoksidi, gesi ya sumu, inajaa hemani. Fungua zaidi tundu la hewa la jiko mpaka mwali urudi bluu, na hema la jiko liwe na uwazi pande mbili, chini na juu, hata upepo ukivuma. Asilale mtu humo jiko likiwaka. Dalili ni kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu, sawasawa na ugonjwa wa mwinuko. Tofauti ni kwamba wote waliokuwa ndani wanaumwa pamoja, na wakitoka nje wanapata nafuu. Oksimita ya kidole (kipimo cha oksijeni ya damu) usiiamini hapo: haitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba monoksidi, itakuonyesha namba nzuri wakati mtu anazimia. Mtoe nje, mpe oksijeni, mshushe.

---

Moja_Moja_Mpaka_Stella

Nyongeza ndogo. Kupanga chakula kwa kambi ndiko kulikofungua mlima huu tangu mwanzo. Mjerumani Hans Meyer alishindwa kufika kileleni 1887. Aliporudi 1889 alipanga kambi na chakula kikawa kinapandishwa kutoka Marangu, ili akikosa kilele siku moja asilazimike kushuka mpaka chini kutafuta mahitaji. Tarehe 6 Oktoba wakafika juu yeye na Ludwig Purtscheller.

---

Kiroba_na_Kamba (mtoa mada)

Nimewaelewa, asanteni sana. La mwisho: jioni ya Barafu niwape wageni nini? Mpishi ameandika kuku wa kukaanga na chipsi. Na vifungashio je?

---

Dumu_la_Karanga

Kuku wa kukaanga afutwe. Mafuta yanakaa tumboni muda mrefu na hamu ya kula imeshaondoka. Supu ya maboga yenye tangawizi, halafu wali au tambi na mchuzi mwepesi wa mboga, kidogo kidogo, saa kumi na moja jioni wakalale mapema. Kachumbari mbichi isipande kabisa, kuhara kumekatisha safari nyingi. Saa tano usiku uji, chai yenye sukari, biskuti. Asiyekula uji anywe chai vikombe viwili, usimlazimishe.

Vifungashio ni viroba vya salfeti, mikebe na vitambaa. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019. Kila kiroba kiandikwe jina la kambi, si jina la chakula, ili Barranco mtu asifungue kiroba cha Barafu kutafuta vitunguu.

---

Regulata_ya_Akiba

Na regulata ya akiba, mpira wa gesi wa mita moja, na mpira wa mfuniko wa presha kuka. Vyote pamoja havifiki kilo moja. Avibebe mpishi mwenyewe mgongoni, visiingie kwenye kiroba, maana mwenye kiroba anaweza kufika Karanga saa mbili baada ya jiko.