Wenye sukari na wanaouguza: nyumbani mnaishije? Tupeane uzoefu

Wakuu, kliniki tunaenda mara moja moja. Siku zilizobaki ni za jikoni kwetu na barabarani. "Punguza wanga" tumeisikia wote. Nataka kujua mnavyofanya kwenye sinia la watu, safarini, umeme ukikatika.

Naanza. Mimi ni aina ya pili, nameza vidonge vya kushusha sukari, metformin, pamoja na chakula, maana tumbo tupu inanichafua. Ugali sijauacha. Nusu ya sahani matembele au mchicha, robo dagaa au maharage, robo ndiyo dona. Shemeji anacheka eti nakula mboga kwa ugali. Acha acheke. Juisi ndiyo nimeipiga marufuku, hata ya kukamua nyumbani. Embe nalitafuna, kipande.

Mama Nasra: Mie nachoma insulini na friji sina. Nesi alinionyesha: chungu kikubwa cha udongo, ndani yake kingine kidogo, katikati yao mchanga unaomwagiwa maji. Kichupa kinafungwa kwenye mfuko kisilowe, vyungu vinakaa kivulini penye upepo. Nikikifungua naandika tarehe juu yake. Changu mwisho siku 28, natupa hata dawa ikibaki, japo roho inauma. Wenye friji, msiweke kwenye barafu. Ikiganda ndiyo basi.

Konda Mstaafu: Jasho la ghafla, mikono inatetemeka, hasira bila sababu. Abiria wanadhani umelewa, kumbe sukari imeshuka. Mashine ikisoma chini ya 4 (kwa mmol/L) nakoroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, nanywa, nasubiri dakika 15, napima tena. Bado iko chini? Narudia. Ikipanda natafuta mkate. Dereva wangu nilimwambia kabisa: nikizimia usininyweshe chochote, nikimbize hospitali.

Zuu wa Tanga: Namuuguza baba. Alikanyaga msumari, ukatoboa kandambili mpaka nyama, akaendelea kumwagilia mchicha. Mjukuu ndiye aliyeona damu. Mzee hakusikia kitu, mishipa ya fahamu ishachoka. Sasa kila usiku namkagua nyayo na katikati ya vidole, nakausha vizuri. Maji ya kuoga nayajaribu kwa kiwiko, viatu vinakung'utwa kabla ya kuvaliwa. Peku marufuku, hata uani. Na sugu hazikatwi kwa wembe jamani!

Bin Omari: Wa kufunga je?

Mama Nasra: Nenda kwa daktari kabla Ramadhani haijaandama, akupangie dozi upya. Wengine huambiwa wasifunge, na ruhusa ipo. Kutoboa kidole kupima hakufunguzi. Mimi ikishuka chini ya 3.9 nafungua, hata kama adhana imebaki nusu saa. Kaimati naonja moja, shira naikung'uta.

Bin Omari: Shukrani dada. Na nyie wenye mashine, stripu (vile vijiti vya kupimia) zilivyo ghali, mkiwa na moja tu kwa siku mnapima asubuhi au baada ya kula?